Jina «Baruti»: lilitoka wapi, na kwa nini liko kwetu?



Katika klasi yetu ya sita kuna mwenzetu mmoja anayeitwa Baruti. Kwa baba yeye ni mtu wa Basoko, na mama yake ni Mlokele wa Isangi. Kila asubuhi mwalimu anaposoma orodha na kufika kwenye jina lake, wale wa mabenchi ya nyuma wanasema «Puu!», sawa bunduki. Tulizoea, hata mwenyewe alikuwa anacheka.

Lakini ile siku ya kujaza fomu za Egzameni ya Leta, mmoja akamwambia mbele ya wote: «Weye, hii jina yako haiko ya bakoko. Iko ya Batambatamba, bale balikuwa nakamata batu.» Klasi nzima ikacheka. Baruti hakucheka. Mchana akaenda kwa prefe kuuliza kama anaweza kuandika jina lingine kwenye fomu, lile la koko wake mzaa mama. Prefe akamjibu kwamba jina la diploma linafuata jina la cheti cha kuzaliwa, na mwenye kutaka kulibadilisha lazima apite kwanza tribinali.

Mimi ni mwenzake wa benchi. Njo maana nimeandika haya. Nilitaka kujua kama yule aliyemchekelea alisema kweli. Naona alisema nusu ya kweli, na ile nusu nyingine ndiyo kubwa.

Tuanze na neno lenyewe. Baruti ni ule unga mweusi uliokuwa unatiwa ndani ya bunduki za zamani. Unatengenezwa na vitu vitatu: shura, ambayo ni chumvi nyeupe inayopatikana katika udongo, makaa ya miti yaliyosagwa, na kiberiti. Hapa wengine watashangaa, kwa sababu kwetu kibiriti ni kile kijiti cha kuwashia moto. Lakini zamani neno kiberiti lilikuwa jina la lile jiwe la manjano lenye harufu kali, ambalo Wafaransa wanaita soufre, na vijiti vya moto vilipokuja vikachukua jina lake. Kwa kipimo cha kawaida, katika mafungu 100 ya baruti, shura ni kama 75, makaa 15, kiberiti 10. (Mwalimu wa kemia ametuomba tuandike kwamba hesabu hii si ya kujaribu nyumbani.)

Wachina ndio waliovumbua unga huu, zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Kutoka kwao ujuzi ulienda magharibi, na jina likazaliwa njiani. Katika karne ya 13 mganga mmoja mkubwa wa Kiarabu, Ibn al-Baytar, aliandika juu ya shura, kwamba watu wengine wanaiita «theluji ya China» na wengine wanaiita barud. Kwa hiyo mwanzoni barud ilikuwa jina la ile chumvi nyeupe tu. Baadaye likawa jina la unga wote mweusi. Waarabu wanasema barud, Wahindi barud, Waturuki barut. Waswahili wa pwani wakapokea neno hili katika biashara ya bahari, wakaweka i mwishoni jinsi wanavyofanya siku zote, likawa baruti. Wafaransa nao walilichukua huko Afrika ya kaskazini: yule aliyesoma katika kitabu cha Kifaransa maneno «baroud d'honneur» ajue kwamba ni ndugu yake na mwenzetu wa benchi.

Kuwa jina la mtu si jambo la kwetu peke yetu. Uturuki kuna ukoo wa Barutçu, maana yake mtengeneza baruti. Misri mwaka 1882 waziri mkuu alikuwa mshairi Mahmud Sami al-Barudi, lakini yeye jina lake lilitoka katika mji wa Itay al-Barud. Na kuna jambo moja la kufurahisha. Huko Botswana na Afrika Kusini, katika lugha ya Kitswana, neno baruti lipo kabisa, herufi kwa herufi, lakini maana yake ni «wachungaji», yaani wapasta: mmoja ni moruti, wengi ni baruti, na linatoka katika neno lao la kufundisha. Halihusiani na unga wetu hata kidogo. Nilipomwambia mwenzangu, alisema: «Basi muniite Pasta.» Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu ile siku ya fomu.

Sasa tufike kwetu.

Tarehe 1 Februari 1877 Stanley alishuka kwenye mto na kufika pale Aruwimi inapoingia katika Kongo, yaani Basoko. Watu wa Basoko walitoka na mitumbwi mikubwa ya vita wakapigana naye. Walikuwa na mikuki na ngao. Bunduki zilikuwa upande wa Stanley na Wangwana wake wa Zanzibar. Naomba tukumbuke hilo: mwaka 1877 mtu wa Basoko hakuwa na baruti nyumbani, na bila shaka neno lenyewe hakulijua.

Miaka sita baadaye, Novemba 1883, Stanley alipanda tena, safari hii kwa stima. Juu ya Basoko aliona vijiji vimeungua, migomba imekatwa, watu wanakaa ndani ya mitumbwi kwa kuogopa nchi kavu. Kisha akakuta kambi ya wale waliofanya hayo. Walikuwa watu wa mfanyabiashara Abed bin Salim wa Nyangwe, wenye bunduki kama 300, na mmoja wa wakubwa wao aliitwa Karema. Stanley aliandika kwamba ndani ya kambi walikuwamo mateka 2,300, wanawake na watoto, na kwamba vijiji vilivyoharibiwa vilikuwa 118. Mwaka 1884 mmisionari George Grenfell, aliyepanda mpaka maporomoko kwa stima yake Peace, naye aliona majivu na mitumbwi ya wakimbizi. Hao wavamizi ndio watu wa mto waliowaita Batambatamba. Kwa hiyo yule wa klasi yetu hakudanganya: unga huu ulikuja kwetu pamoja nao, na neno lilikuja pamoja na unga.

Hata majina ya wakubwa wa wakati ule yananuka moshi. Hamed bin Muhammad, yule anayejulikana kama Tippu Tip, alieleza katika habari za maisha yake kwamba watu walimpa jina hilo kwa sababu ya mlio wa bunduki zake: tip, tip, tip. (Wengine walisema ni kwa sababu ya macho yake yaliyokuwa yanapepesa.) Mwaka 1887 akawa wali hapa kwenye maporomoko kwa mapatano na Leopold, baada ya kituo cha Wazungu kuchomwa mwaka 1886. Kisiwa na mto ni vilevile tunavyoviona leo tukivuka kwenda Lubunga.

Na sasa nakuja kwa mtu ambaye kwa ajili yake nimeandika makala hii. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1890 juu ya safari ya kumtafuta Emin Pasha, Stanley anasimulia juu ya kijana mmoja wa Basoko. Alikamatwa na Karema mwaka 1883, akiwa mtoto. Kutoka kwa wavamizi akafika mikononi mwa Wazungu, na Sir Francis de Winton, aliyekuwa mkubwa wa serikali ya Kongo baada ya Stanley, akamchukua mpaka Uingereza ili aone mambo ya huko. Baadaye akawa mtumishi wa Stanley. Jina lake: Baruti.

Fikirini. Kama mtoto huyu alizaliwa kati ya watu wasiokuwa na unga wala neno lake, basi mama yake hakumwita Baruti. Jina hili alipewa utumwani. Ilikuwa desturi ya misafara ya Zanzibar: mtu aliyekamatwa aliitwa Mabruki, au Feruzi, au Baraka, jina lolote lililopendeza kwa bwana wake. Jina la nyumbani lilikatwa sawa kitovu.

Juni 1887 Stanley alirudi Basoko na watu wake, na Baruti alikuwamo. Wenyeji wakasogea na mitumbwi kwa mashaka. Baruti akatazama, akamtambua mmoja wao: kaka yake mkubwa. Akamwita kwa lugha ya kwao. Yule kaka hakuamini, na nani angeamini? Mtoto aliyeibiwa anarudi akiwa kijana, amevaa nguo za Kizungu, juu ya stima. Akataka alama. Wakaulizana majina ya wazazi, na mwishoni Baruti akamkumbusha kovu la mkono lililoachwa na mamba. Hapo kaka akapiga kelele, wakakumbatiana.

Alipoulizwa kama anataka kubaki kwao, alikataa kwanza. Halafu, siku chache baadaye, akabadilisha mawazo. Usiku alichukua bunduki ya Stanley aina ya Winchester, bastola mbili, risasi zake, saa ya fedha na mkanda mzuri, akaingia katika mtumbwi, akafuata maji kushuka. Stanley anasema hakumwona tena wala kusikia habari zake.

Najua ni wizi, na hapa masomoni tunafundishwa amri ya nane. Lakini mimi, niliposoma, sikuweza kumhukumu haraka. Alikuwa ameibiwa yeye mwenyewe kwanza. Na tazameni jambo hili: kama alifika kwao, na mimi naamini alifika, alifika na bunduki, na unga ndani ya risasi, na jina. Watu wa kijiji walimwitaje? Labda kwa jina la zamani. Labda kwa hili jipya, ambalo sasa halikuwa tena jina la mtumwa, bali la mtu aliyewatoroka wenye bunduki na kuleta bunduki nyumbani.

Sisemi kwamba akina Baruti wote wametoka kwake. Njia zilikuwa nyingi. Wangwana wengi walibaki hapa baada ya vita vya 1892 mpaka 1894, wakaoa, wakalima, wakawa wale tunaowaita Arabisés. Tena Basoko penyewe palijengwa kambi kubwa ya askari wa Leta mwaka 1889 ili kuwazuia Waarabu, na katika kambi hiyo Kiswahili na baruti vilijulikana vyote viwili. Tena desturi ya watu wetu ni kumpa mtoto jina la jambo lililotokea alipozaliwa: njaa, safari, mvua kubwa. Katika miaka ile jambo lililotokea lilikuwa baruti.

Basi jina halikukaa peke yake. Lina jamaa. Kuna Risasi wengi katika mji wetu na Maniema. Kuna Fataki, na fataki kwa Kiswahili ni ile kofia ndogo ya bunduki ya zamani inayowasha baruti. Ndugu zetu Wakatoliki walikuwa na askofu mkuu wa Kisangani, Augustin Fataki, tangu 1967 mpaka 1988, na hatujasikia kwamba mtu alisema «Puu!» katika kanisa kuu. Kuna Sefu, ambaye maana yake ni upanga kwa Kiarabu, na Sefu mwana wa Tippu Tip ndiye aliyeongoza vita juu ya Leta mpaka akauawa mwaka 1893. Katika klasi yetu Sefu yuko, anakaa karibu na dirisha. Hakuna anayemchekelea. Pia tuna akina Amisi, yaani waliozaliwa Alhamisi, na Ramazani, Saidi, Asumani, wengi wao wameimba pamoja nasi katika kwaya. Majina haya yote yalipanda mto mmoja, katika misafara ileile.

Kwa wingi, Baruti halifikii Amisi wala Ramazani. Si jina la kila nyumba. Unaliona huku na huku chini ya mto, upande wa Basoko na kwa Walokele wa Isangi, na tena Maniema na mashariki. Hata katika vitabu limo: utafiti juu ya utawala wa jadi wa Walokele, uliotolewa Brussels mwaka 1972, uliandikwa na Lokomba Baruti. Yaani mtu aliyeeleza mambo ya kale ya Walokele kwa wasomi wa Ulaya alikuwa anachukua jina hili. Kwa Mlokele, tena, jina la mdomo halikuwa jina pekee. Kila mtu alikuwa na jina lake la ngoma, refu, lenye kutaja na wazazi, na hilo hakuna mvamizi aliyeweza kulipiga. Mmisionari John Carrington wa Yakusu, aliyefika nchini mwaka 1938, aliandika sana juu ya majina hayo na mwenyewe alikuwa na lake.

Jambo la mwisho katika historia ni la Leta. Mwaka 1972, wakati wa otantisite ya Mobutu, majina ya ubatizo yalikatazwa. Akina Jean, Pierre na Joseph walitoka katika vitambulisho, na sheria ya Julai 1973 ikasema majina lazima yatoke katika urithi wa nchi. Sheria ya jamaa ya mwaka 1987 nayo ikarudia neno hilo la urithi. Ndiyo, majina ya ubatizo yalirudi tangu 1990. Lakini Baruti halikutoka. Katika miaka ile Petro alihesabiwa mgeni na Baruti akahesabiwa mwenyeji, ingawa safari ya jina lake ilianza China ikapita kwa Waarabu na Zanzibar. Makarani walifanya hivyo bila kusoma kitabu chochote. Walimwona mtu, baba yake anaitwa Baruti, koko wake anaitwa Baruti, wakaandika. Mimi naona waliona vizuri. Miaka zaidi ya 80 ilikuwa imepita, na watu waliozikwa na jina hilo walizikwa katika udongo wa hapa.

Kuna sababu nyingine ya kuacha ile «Puu!», na hii sikuipata katika kitabu. Nilimwuliza mwalimu wetu wa zamani kwa nini yeye hacheki kamwe mabenchi ya nyuma yanapofanya hivyo. Akaniambia kwamba Juni 2000, kuanzia tarehe 5 mpaka tarehe 10, jeshi la Rwanda na jeshi la Uganda yalipigana ndani ya Kisangani, siku sita, na maelfu ya makombora yakaanguka juu ya nyumba. Yeye alilala chini ya meza na watoto wake. «Kwa miaka mingi,» akasema, «mlango ukifungwa na upepo, mimi nachutama.» Sisi wanafunzi hatukuwa tumezaliwa. Lakini wazazi wetu walikuwapo, na wengine jamaa zao hawakutoka.

Nilimpa Baruti haya yote ayasome kabla sijayapeleka kwa wenye gazeti. Alisoma polepole, akarudi mara mbili kwenye mahali pa yule kijana na kovu la mamba. Akauliza: «Winchester, iko bunduki ya namna gani?» Nikamweleza nilivyoweza. Halafu akasema ataandika kwa baba mkubwa wake, Basoko, amwulize koko wa kwanza kuitwa hivyo alikuwa nani, na kama watu wanakumbuka alipata wapi.

Jibu halijafika, mashua za kutoka kule zinachelewa. Fomu zinafungwa Ijumaa. Katika mstari wa jina ameandika Baruti, kwa kalamu ya risasi. Bic yuko nayo mfukoni.